Hatua Kumi hadi kwa Karani

Washington, 8 Novemba 1808

Dada yangu Keziah,

Nimefika salama. Farasi kachoka kuliko mimi, na matope ya mji huu yamenipanda hadi kwenye kola. Wanauita mji mkuu wa taifa, nasi tunaitikia kwa heshima huku tukiruka madimbwi. Nyumba ya wageni ni ile ile ya mwaka jana, kitanda ni kile kile, na mwenzangu wa chumba ni yule yule seneta wa kaskazini anayekoroma. Mama mwenye nyumba katulisha bata kwa siku nne mfululizo. Nazitamani biskuti zako ngumu na kipande cha paja la nguruwe, hata kama ungenipa pamoja na masimango yako.

Habari kubwa unaijua. Mwezi ujao Bunge letu la jimbo kule Annapolis litapiga kura kumchagua seneta wa miaka sita ijayo. Nimeandikiwa kwamba kura ni zangu nisipojikwaa. Mtoto wa mtengeneza mapipa wa Sallow Creek, wakili, kisha jaji, na sasa seneta kwa mara ya pili! Baba angesema nimezidi kimo changu, halafu angekwenda kujisifu kwa majirani.

Nina ombi. Hapa hatuzungumzi jambo jingine ila marufuku ya meli kwenda ng'ambo, nami nataka kusimama na kusema la maana. Nitumie kitabu changu cha sheria za bandari. Kiko rafu ya juu, kina jalada la ngozi nyekundu. Hivyo vingine usivihangaikie, vimejaa vumbi na vitakukohoza bure.

Ndugu yako akupendaye,
Levin Trasker
Seneta


Sallow Creek, 17 Novemba 1808

Levin, mdogo wangu,

Kitabu chako kinakuja na posta hii. Umeniambia nisiguse vingine, nawe unanijua tangu tulipokuwa tukigombania kijiko. Nimeshusha rafu nzima na kuifuta. Asante kwa kunionea huruma ya kukohoa, nimekohoa kweli.

Ila Mungu ana njia zake. Ndani ya kile kitabu kinene cha jalada la buluu imedondoka karatasi. Ni hati ya Bw. Gamaliel Oldershaw ya kumwachilia huru Sinah, mtumwa wake, na uzao wote atakaouzaa baada ya siku hiyo. Tarehe 20 Septemba 1791. Sahihi ya mzee, sahihi za mashahidi wawili, na mwandiko ni wako wewe, ule wa ujanani wenye mikia mirefu.

Levin, alikuwa anasema kweli! Miaka yote hii Sinah amekuwa akisema mzee alimwacha huru, akaishi huru miaka kumi na mmoja akifua nguo zake katika kibanda chake mwenyewe. Mzee alipofariki, mpwa wake Selby akaja kusema hakuna hati, na mahakama ikakubali kwamba hakuna hati, akarudishwa utumwani kwa Selby. Kumbe ilikuwa kwetu, imelala kitabuni! Wewe na karatasi zako! Ulikuwa ukisahau hata kofia kanisani.

Nimemuuliza wakili Quinton, nikamwambia ni suala la jirani. Amesema hati isiyoandikishwa kwa karani wa mahakama ndani ya miezi sita haina nguvu. Kumebaki mlango mmoja tu: Bunge la jimbo lipitishe sheria maalumu kwa ajili ya mtu huyo, na litafanya hivyo ikiwa aliyekabidhiwa hati ataapa kwamba aliipokea kwa wakati na kosa la kutoiandikisha ni lake. Basi aliyekabidhiwa ni wewe. Andika kiapo hicho leo, usingoje kesho. Selby anauza vitu vyake kimoja kimoja, na kuna mtu wa Georgia amepanga chumba pale baa ya Tull. Unajua watu wa Georgia wanakuja kununua nini.

Sinah bado hajui. Nataka nimpe habari pamoja na kiapo chako mkononi. Uso wake nataka kuuona siku hiyo.

Dada yako,
Keziah


Washington, 24 Novemba 1808

Dada yangu mpendwa,

Barua yako imenigusa mno, na moyo wako mwema ndio ule ule niliokulia chini yake. Jambo hili ni la kusikitisha, nami nitalitengeneza. Lakini kwanza nisikilize kama wakili, kisha unisikilize kama ndugu.

Bunge litakaloombwa kupitisha sheria hiyo ndilo litakalopiga kura ya useneta tarehe 15 Desemba. Wanaume wale wale, ukumbi ule ule. Kiapo changu kikisomwa sasa, wapinzani wangu hawatasema nilisahau karatasi. Watasema jaji alimnyima mwanamke haki yake huku hati ikiwa nyumbani kwake. Wataligeuza wapendavyo. Sinah hatapata sheria yake, nami sitapata kiti, na Selby atacheka.

Kura ikipita nitaandika kiapo siku hiyo hiyo. Ni wiki tatu tu, Keziah. Mwanamke aliyengoja miaka mitano anaweza kungoja wiki tatu, hasa kwa kuwa hajui kwamba anangoja. Iweke hati mahali salama, usimwonyeshe mtu, na kwa Quinton usirudi tena na masuala ya majirani. Quinton si mjinga.

Huyo mtu wa Georgia asikutie hofu. Sinah ana miaka hamsini na magoti mabovu. Hakuna atakayempeleka kwenye pamba.

Kitabu kimefika. Nitazungumza Jumatatu.

Wako,
Levin Trasker
Seneta


Sallow Creek, 2 Desemba 1808

Levin,

Nimeisoma barua yako mara tatu, na kila mara nimeiweka mezani nikaenda kunawa mikono.

Nimerudi kwenye rafu. Nimekitoa kile kitabu cha buluu na kukitazama mwanzoni, pale unapoandika jina lako. Umeandika: Levin Trasker, kimenunuliwa Philadelphia, Mei 1805. Mimi si wakili, lakini kuhesabu najua. Hati ni ya mwaka 1791. Mahakama ilikuwa mwaka 1803. Kitabu kimekuja nyumbani miaka miwili baada ya mahakama. Karatasi haiingii yenyewe kitabuni. Uliitia wewe, kwa mkono wako, ukijua ni nini.

Nilikuwa mahakamani siku ile, umesahau? Nilikuwa nimekaa safu ya pili na kofia yangu mpya, nimevimba kwa fahari kwamba aliye juu ya kiti ni mdogo wangu. Sinah alisimama. Wakili wake alimkataza asiseme, akasema. "Bwana jaji, si ni wewe uliyeiandika? Tulikuwa jikoni kwa Bwana Gamaliel. Ulimwaga wino mezani, nikaufuta kwa aproni yangu. Aproni ninayo mpaka leo." Watu walicheka. Nami nilicheka, Mungu anisamehe. Wewe hukucheka. Ulimtazama karani, karani akasema daftari halina kitu, nawe ukasema, "Mahakama haina kumbukumbu ya hati hiyo." Kwa sauti ile ile unayosomea sala ya chakula.

Nilikuamini. Mji mzima ulikuamini. Nilitoka pale nikamwambia mke wa mchungaji kwamba maskini Sinah amechanganyikiwa. Tangu siku ile amekuwa akitumwa na Selby kuja kunifulia kila Jumatatu, nami nimekuwa nikimpa maziwa ya mgando na kujiona mwema. Jumatatu hii alikuja, akaniuliza mbona simtazami. Nikamwambia macho yanauma.

Jibu swali moja. Ulijua, ulipokuwa umekaa pale juu?

Na kiapo kitume. Mtu wa Georgia amekwenda kwa Selby mara mbili juma hili.

Keziah


Washington, 9 Desemba 1808

Keziah,

Nilijua.

Nimeandika neno hilo na kulitazama kwa nusu saa. Sikuwahi kuliandika popote. Sasa nitakueleza yote, na ukimaliza kusoma uichome barua hii, au usiichome. Sina haki ya kukuagiza.

Unaikumbuka siku ya uchaguzi, Oktoba 1791, nilipogombea Bunge la jimbo kwa mara ya kwanza. Wakati ule mpiga kura alilitaja jina kwa sauti mbele ya watu wote, pale ngazini mwa mahakama. Hati ya mzee Gamaliel ilikuwa kwenye mkoba wa tandiko langu. Nilikuwa nimempa ahadi kwamba ataandikishiwa siku hiyo hiyo. Chumba cha karani kilikuwa hatua kumi kutoka ngazini. Nimezihesabu baadaye, mara nyingi. Lakini kila nilipogeuka kwenda, mtu alilitaja jina langu kwa sauti, na ni desturi kumpa mkono kila anayekutaja. Kisha wakanibeba mabegani. Kisha pombe ya tufaha. Nikarudi nyumbani ni mbunge, na mkoba ukatundikwa ukutani.

Nilikumbuka Aprili, miezi sita ikiwa imepita. Ningeweza kwenda kwa mzee na kumwambia, Bwana, nimekosa, tuandike nyingine. Ni kikombe kimoja cha wino! Lakini alikuwa ametangaza kwa Wamethodisti wenzake wote kwamba kijana Trasker ni wakili wa kutegemewa. Kila Krismasi alinitumia paja la nguruwe lililokaushwa kwa moshi, kwa shukrani ya kazi niliyoifanya. Miaka kumi na mmoja, Keziah. Wewe ndiye uliyekuwa ukiyakata. Kila mwaka lilivyokuja paja, ndivyo ilivyokuwa vigumu zaidi kusema, na mwisho mzee akafa akiniheshimu.

Nilipomwona Sinah mahakamani nilijua kabla hajafungua kinywa. Aproni niliikumbuka. Nilijiambia kwamba sheria ni sheria, hati isiyo daftarini haipo, kwa hiyo sikusema uongo. Nilirudi nyumbani nikafungua mkoba ule wa zamani, nayo ilikuwa humo, imejikunja. Niliipeleka hadi kwenye moto, nikashindwa. Tangu hapo nimekuwa nikiihamisha. Najua ni kichekesho, mtu mzima anayeficha karatasi katika nyumba yake mwenyewe.

Nakuomba jambo la mwisho. Zimebaki siku sita hadi kura. Nikichaguliwa nitakuwa na nguvu, nitaweza kuwashika mkono wabunge mmoja mmoja, sheria itapita bila kelele. Nikianguka sasa nitamsaidia kwa kitu gani? Siku sita.

Levin


Sallow Creek, 16 Desemba 1808

Mheshimiwa Seneta,

Hongera. Mpanda farasi wa Annapolis alipita asubuhi, na hivi ninavyoandika wanapiga mzinga wa zamani pale kwenye uwanja wa mahakama. Umepata kura nyingi kuliko alivyotarajia mtu yeyote. Mama Tull ameniletea keki.

Juzi, tarehe 14, mtu wa Georgia alimaliza biashara yake kwa Selby. Ulisema kweli, hakumtaka Sinah. Alimtazama magoti akapita. Amemchukua Hester.

Unamkumbuka Hester, au na yeye mahakama haina kumbukumbu yake? Binti yake Sinah. Alizaliwa 1795, katika kile kibanda, wakati mama yake akiwa huru kwa hati uliyoikalia. Ana miaka kumi na mitatu. Ulipohesabu siku zako sita ulimhesabu Sinah tu. Nami nilifanya hivyo hivyo. Nilikuwa na hati ndani ya sanduku la chai mwezi mzima, nikamtii seneta.

Sinah alikuja hapa kwa miguu, bila shali, kuniomba nimsemee kwa ndugu yangu, mkubwa wa serikali. Hapo ndipo nilipompa karatasi mkononi. Hajui kusoma. Nikamsomea. Hakulia wala hakunitukana, ningefurahi angenitukana. Aliniuliza, "Bibi Keziah, ilikuwa humu ndani nilipokuwa nikifua mashuka yenu?" Nikasema ndiyo. Akakaa chini jikoni mpaka nikawasha mishumaa.

Keki ya Mama Tull nimewapa kuku.

Keziah Trasker


Washington, 20 Desemba 1808

Kwa Spika wa Bunge la Jimbo, Annapolis

Mheshimiwa,

Mimi, Levin Trasker wa Sallow Creek, naapa mbele ya Mungu na mbele ya hakimu aliyetia sahihi hapa chini, kwamba mnamo Septemba 1791 marehemu Gamaliel Oldershaw alinikabidhi hati halali ya kumwachilia huru Sinah na uzao wake wa baadaye, niiandikishe mahakamani. Sikuiandikisha. Hakuna aliyenizuia, sikuwa mgonjwa, na mto haukufurika. Nilikuwa nikitafuta kura.

Naapa zaidi kwamba mwaka 1803, nikiwa jaji, nilisikiliza kesi ya mwanamke huyo nikijua kuwa anasema kweli, nikatamka kwamba mahakama haina kumbukumbu. Kumbukumbu nilikuwa nayo. Na tarehe 24 Novemba mwaka huu nilikuwa nimekwisha kujulishwa kwamba hati imeonekana na kwamba kuna mnunuzi, nikachelewesha kiapo hiki ili Bunge lako linichague kwanza. Lilinichagua. Katika ucheleweshaji huo binti yake, Hester, ameuzwa.

Naomba Bunge liipe hati hiyo nguvu tangu siku ilipotiwa sahihi, ili mama na mtoto wote wawili wawe huru kisheria. Kiti mlichonipa siwezi kukikalia. Nakirudisha pamoja na barua hii, na kile ninachokikalia sasa pia.

Levin Trasker


Norfolk, 6 Januari 1809

Keziah,

Nimemfuata Hester mpaka huku, nimefika nikiwa nimechelewa siku nne. Mwenye baa hapa anawakumbuka. Msafara wa watu kumi na tisa, kwa miguu, kuelekea Carolina na kuendelea. Anasema kulikuwa na msichana aliyekuwa na kovu kwenye nyusi, aliyeomba maji mara mbili. Nimempoteza njiani baada ya hapo. Watu wa Georgia hubadili majina yao na ya watu wao kila kaunti.

Farasi amelemaa. Nitauliza siku mbili zaidi, kisha nitarudi. Sijui nitaingiaje Sallow Creek.

Levin


Sallow Creek, 27 Februari 1809

Bwana Levin,

Mimi ni Sinah. Anayeandika ni Bibi Keziah, nimemwambia aandike ninavyosema asirembe.

Karatasi ya Bunge imefika. Wamepitisha. Wanasema mimi ni huru, na Hester ni huru, tangu zamani. Nimeipeleka kwa karani mwenyewe, kwa miguu yangu hii mibovu. Nimesimama pale mpaka akaandika daftarini, na wino nikaungoja ukauke. Bibi Keziah alinisomea kilichoandikwa, kisha nikamwambia karani naye anisomee, kuona kama yanafanana. Yanafanana.

Hester hajui kuwa yuko huru. Huko aliko mtu anamwambia inama, anainama.

Nasikia umejificha kwa binamu yenu ng'ambo ya Ghuba, na kwamba unataka kuja kunipigia magoti. Usije. Sina la kufanya na magoti yako, yangu yananitosha. Ukija kulia hapa nitalazimika kukupa kiti na maji, na nimechoka kuwahudumia nyie.

Nataka kazi unayoiweza. Andika. Kila mwezi, barua moja, kwa karani wa mahakama ya kaunti moja huko kusini. Ukimaliza Carolina ingia Georgia, ukimaliza Georgia anza tena. Taja jina lake, kovu la nyusi ya kushoto alipoangukia ndoo, na kwamba anaitika kwa "naam mama" hata akiitwa na mwanamume, mazoea. Sema yuko huru na karatasi ipo. Na usimpe mtu akupelekee. Kila barua uichukue mwenyewe mpaka posta, umkabidhi mwenye posta mkononi, uone ameipokea. Hata iwe siku ya uchaguzi.

Aproni bado ninayo.

Sinah
(alama yake: X)


Sallow Creek, 3 Mei 1814

Kwa karani wa mahakama ya kaunti, ambaye simjui jina

Bwana,

Naandika kukuuliza habari za mwanamke anayeitwa Hester, ingawa huenda hapo anaitwa jina jingine. Sasa ana miaka kumi na tisa. Ana kovu juu ya nyusi ya kushoto. Akiitwa husema "naam mama", hata kwa mwanamume, labda ameacha. Alichukuliwa kutoka kaunti yetu Desemba 1808. Yeye ni mtu huru, na nakala ya sheria iliyopitishwa na Bunge la jimbo letu nimeiambatanisha, imenakiliwa kwa mkono wangu na kugongwa muhuri.

Mama yake yu hai. Anakaa kibanda kilicho nyuma ya kanisa, na dada yangu, niliyerudi kuishi naye, humfulia nguo siku za Jumatatu, maana mikono ya mama huyo imekufa ganzi. Kila mwezi ananiuliza kama nimejibiwa. Nimejibiwa mara nne, zote zikisema daftari halina kitu. Nakusihi usitazame daftari peke yake. Tazama watu.

Kosa lililomfikisha huko ni langu. Sikulitenda kwa chuki wala kwa tamaa ya mali. Niliona haya kukiri jambo dogo, nalo likakua. Nalisema hili kwa kila karani ninayemwandikia ili asifikirie kuwa nafanya wema.

Barua hii ni ya sitini na tatu. Leo watu wamejaa ngazini mwa mahakama, kuna mkutano wa wagombea, na kuna mmoja au wawili wangependa kunizomea. Nitapita katikati yao kwenda posta. Mwenye posta hunipokea barua bila kunitazama, nami hungoja mpaka aitie kwenye mfuko wa barua za safari, halafu ndipo ninapoondoka.

Levin Trasker